Mzee Bado, Fundi wa Sakafu Kavu

Ndugu, jamaa na majirani, baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Bado, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, mtoto wa nne wa mwashi na mshona nguo, katika chumba ambacho sakafu yake ilitoa jasho kila msimu wa mvua, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, na walimu walimsifu kwa akili ila macho, walisema, yako chini daima.

Mwaka 1968 aliingia kazini kwa fundi wa sakafu, akabobea katika kukausha zege kuukuu kabla ya kuwekewa sakafu mpya, akikwangua, akiziba nyufa, akibandika kipande cha nailoni na kungoja kuona kama matone yatajikusanya chini yake, kisha akipaka dawa ya kuzuia unyevu mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, wa kwanza kwa urefu wa chumba, wa pili kwa kukatiza. Alikuwa akilaza kiganja sakafuni na kufumba macho, akakaa hivyo mpaka mwenye nyumba akadhani amesinzia, na akiulizwa kama iko tayari alijibu bado, ndipo jina likamganda.

Nailoni hiyo hiyo ndiyo iliyompatia mke, kwani alipoibandika sebuleni kwa babu yetu mzaa mama, baba alikuja kuikagua kila jioni, hata babu akamwambia, "Kijana, zege limeshakauka, sema unachokitaka." Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974, akamwahidi mkewe chumba kikavu, wakajaliwa watoto watatu, lakini mganga hajigangi, akakausha nyumba za watu huku mama akisimamisha magodoro ukutani na kukohoa kila mvua iliponyesha, na ahadi ile tuliyoifanyia utani mezani ilimchoma moyoni.

Februari mwaka jana moyo wake ulianza kudhoofika, naye alipoona siku zinamwishia akatoa kitanda nje, akakwangua chumba chao akiwa ameketi kigodani, akapaka mkono wa kwanza kutoka dirishani hadi mlangoni, polepole, kama anayeota, na alfajiri ya tarehe 3 mwezi huu akafariki hospitalini, mkono wa pili ukiwa haujapakwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuazima viti, na mafundi wenzake mliokuja na brashi kumalizia kazi, mkamkuta mama ameshapiga magoti. "Wa kwanza ni wake, wa pili ni wangu," aliwaambia, akapaka chumba chote akiikatiza mistari ya mumewe. Mtuwie radhi kuwakalisha uani, dawa haijashika. Pumzika kwa amani, baba, mama atalala pakavu.