Neno Aliloniita Zuleha

Sikilizeni, Faisal na Zuleha, na simu hizo zitieni mfukoni. Mapafu yamejaa maji, daktari ameshasema, kwa hiyo nitakayoyasema leo sitayarudia, na atakayenikatiza atakuwa amejikatia mwenyewe.

Nianze na la Jumanne, maana mnadhani nimelisahau. Mvua ilikuwa inanyesha, nyinyi wawili mmejibanza uani, migongo ukutani, Faisal ukivuta sigara ambayo miaka ishirini unafikiri siijui. Kitanda changu mlikileta chumba hiki cha chini wenyewe, na dirisha mliliacha wazi wenyewe. Nikakusikia, kifungua mimba wangu, ukisema: "Daktari akisaini tu kuwa akili imempotea, nyumba tunauza before summer, yeye tunampeleka home ya wazee." Na wewe Zuleha, niliyekupeleka skuli kila asubuhi kwa basi la Soho Road huku nimetoka kazini sijalala, hukusema hapana. Ulisema: "Bei za nyumba Handsworth zimepanda." Basi, hilo tu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Halafu pazia likatikisika, ukaniona, ukacheka kwa hasira: "Mum, ushaanza eavesdropping?"

Neno hilo sikulijua. Miaka thelathini na minne nimesafisha ofisi za watu Digbeth, nimetukanwa kwa Kiingereza cha kila namna, lakini hilo halikuwahi kunifikia. Siku ya pili akaja Derrick, jirani yetu fundi mapaa, kuzibua mfereji wa maji ya paa, nikamwita dirishani nikamuuliza. Akashuka ngazi, akafuta mikono. "Nani kakuita hivyo, Miss Shemsa?" Nikamwambia, mwanangu. Akanionesha juu, pale paa linapotokeza nje ya ukuta. Sisi Unguja twapaita upenu. Waingereza hapa wanapaita eaves. Akasema zamani neno hilo lilikuwa la ukingo, hata ukingo wa msitu uliitwa hivyo, na ingawa kwa ile s ya mwisho linasikika kama ni vitu vingi, asili yake ni kimoja. Maji yakidondoka kutoka upenuni, ndiyo hiyo drop, yanachimba mstari ardhini, na sheria zao za kale zilimtaka mwenye nyumba aache kama futi mbili, matone yake yasimwangukie jirani. Sasa yule mtu aliyekwenda kusimama pale kwenye matone, chini ya ukuta wa mwenzake, aibe maneno ya ndani, ndiye aliyepewa jina hilo, na alipelekwa mahakamani. Sisi twamwita mdukizi.

Haya, Zuleha, uliyesoma mpaka chuo kikuu, niambie: Jumanne nani alikuwa amesimama kwenye matone? Mimi nilikuwa kitandani mwangu, ndani ya nyumba niliyoilipia mimi na baba yenu. Wa nje mlikuwa nyinyi. Hata tusi hukulijua maana yake, ukalirusha tu.

Usinishike mkono, Faisal. Sijamaliza.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Derrick alipokwenda zake neno lile likanigeukia mimi. Mnajua kwa nini khaloo wenu Maisara hakanyagi hapa? Nilikwambieni ana kiburi. Nilisema uongo. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikwenda kwake Bordesley Green, nikamsikia analia kwenye simu kabla sijabisha hodi. Sikubisha. Nilizunguka nyuma, nikasimama chini ya dirisha la jikoni, maji ya paa yakinidondokea mtandioni, nikasikia dada yangu akimwambia shoga yake kuwa mumewe anampiga na anatafuta pa kukimbilia. Na mimi, badala ya kumfungulia nyumba yangu, nilimwendea mumewe nikamwambia yote, nikijiona naokoa ndoa na heshima ya ukoo. Usiku ule alimvunja mkono. Mdukizi wa kweli ndiye aliyekuzaeni.

Juzi nilimpigia. Nikamwambia yote, hata nilivyosimama. Akasema: "Sikusamehe, Shemsa. Lakini kukuosha nitakuja." Nililia, nakwambieni, kuliko nilivyomlilia baba yenu.

Sasa shikeni haya. Theluthi ya mali yangu namuusia Maisara, na nyumba hii haiuzwi bila saini yake. Theluthi mbili gawaneni kwa sharia, wala msinong'one. Karatasi ziko kwa wakili Amarjit, na daktari mliyemtaka alikuja Alhamisi, nilimwita mimi. Ameandika kuwa akili yangu ni timamu. Mkitaka kwenda mahakamani nendeni, mtamkuta na yeye huko.

Atakayeniosha ni Maisara. Zuleha, wewe utamshikia maji, na akikutuma utasema labeka. Faisal, kaburini utashuka, lakini kabla ya hapo ukamtake radhi Maisara, kwa niaba yangu, mbele ya watu. Nguo zangu mpeni Balwinder wa ng'ambo ya barabara azipeleke kwa wanaohitaji. Amenipikia nilipougua, na nyinyi mlikuwa mnatuma picha za maua.

Nipe maji... kidogo. Basi.

Naona macho yenu. Mnataka radhi. Nilikusudia niondoke nayo, Mungu ni shahidi wangu, nikuacheni hivyo hivyo... wakavu. Lakini nitamwomba vipi Yeye anisamehe, na mimi... Radhi nimekupeni. Hamkuistahiki. Chukueni. Akujaalieni watoto watakaosema mbele yenu wanayoyasema nyuma... yenu.

Maisara akifika... asibishe hodi. Mwambieni... aingie tu.