Sahani ya Juu Ndiyo ya Pili

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kompyuta cha mamlaka yetu ya maji, Bwana Sahani anastaafu. Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho chake cha kazi. Sisi hatujawahi kulitumia, na leo si siku ya kuanza.

Aliajiriwa kuandika programu moja yenye kichwa kigumu. Kazi yake ilikuwa kuchukua fomula kama tunavyoziandika sisi binadamu na kuzipanga upya, namba zitangulie, alama zifuate. Mtambo wa pampu haukuelewa lugha nyingine. Ukiuambia saba toa tatu, unakutolea macho. Saba, tatu, toa, kazi inakwenda. Alizama humo mpaka kantini akawa anaagiza chai, maziwa, changanya.

Mwaka wa pili mambo yakaharibika. Programu ilipaswa kuchukua ujazo wa tangi, itoe maji yaliyomo, ipate kiasi cha kujaza. Yeye akasahau kwamba mtambo hurundika namba moja juu ya nyingine, na ile ya juu, inayookotwa kwanza, ndiyo iliyowekwa mwisho. Hesabu ikapinduka, ikawa maji yaliyomo toa ujazo, jibu likashuka chini ya sifuri, na pampu, badala ya kujaza tangi, ikalimwaga lote. Mji ukaamka mkavu, mkewe akiwa bafuni na povu kichwani. Shemeji yetu hajasahau mpaka leo, tumemuuliza.

Jamani, mwingine angetafuta wa kumsukumia. Yeye alikwenda mwenyewe kwa bosi, akaweka funguo za chumba mezani, machozi yakimlengalenga. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, na kazi aliipenda mno. Bosi akamrudishia funguo, akamwagiza atufundishe sote ili kosa lile lisirudiwe.

Ndipo sahani zilipoingia. Kila mfanyakazi mpya alipelekwa kantini: kila namba na sahani yake, moja juu ya nyingine. Ikija alama, okota mbili, ya juu ikae kulia kwa alama, iwe ya pili. Tulivunja nyingi, mpishi akatununia, lakini tangi halijamwagika tena.

Kaka yetu, asante sana. Lala mpaka uchoke, cheza na wajukuu, na shemeji aoge kwa raha zake. Maisha yako ya mbele yawe mema na marefu.

Jana uliweka funguo zile zile mezani kwa mara ya pili. Bosi wa sasa, uliyemfundisha kwa sahani, alizitazama weee, kisha akazipokea. Safari hii hatukuwa na sababu ya kukurudishia, ingawa tuliitafuta.