Mwalimu Umejuaje na Mpelelezi Mwenye Viganja vya Jasho

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, kifunguamimba wa fundi viatu na mshonaji. Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1983 akahitimu chuo cha ualimu. Wanafunzi walimwita Mwalimu Umejuaje, maana jibu lolote, hata likiwa sahihi, alilipokea kwa swali hilo.

Mwaka 1986 aliolewa na fundi umeme aliyekuwa haishi kuja kutengeneza taa ya darasa lake. "Fundi," alimwambia, "taa haina ugonjwa. Mgonjwa ni wewe." Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1997 nusura kazi imponyoke. Darasa lilisoma hadithi ya mpelelezi, naye akampa binti wa kinyozi alama zote kwa kuandika kuwa mpelelezi yule ni mwoga. Kitabu cha majibu kilisema "jasiri". Mkaguzi wa shule akaja juu: asahihishe, au aliache darasa. Mdogo wake, aliyekuwa mpishi wa shule, alimsihi roho ikiwa juu, "Dada, kubali yaishe. Una watoto wewe!" Hakukubali. Alimvutia mkaguzi kiti, akamsimamisha yule binti. Mpishi akabaki dirishani, mwiko mkononi.

"Mwandishi anasema asubuhi ilikuwa ya baridi," binti akasema. "Mbona kabla ya kubisha hodi kwa mwizi anafuta viganja kwenye suruali?"

"Labda alikuwa amenawa," mkaguzi akajibu. Darasa likaangua kicheko.

"Na kule ndani akachagua kiti cha karibu na mlango, mzee."

"Sasa mwoga atamkamataje mwizi?"

"Anaogopa, lakini hodi amebisha."

Mkaguzi akausoma ukurasa upya. Kisha akatoa kalamu, na katika kitabu cha majibu, mbele ya "jasiri", akaongeza: "ingawa anaogopa". Madawati yalipigwa mpaka vumbi likatimka. Marehemu alifundisha darasa lile hadi alipostaafu mwaka 2021.

Alianza kuugua figo Februari 2023. Siku moja daktari alivuta kiti kando ya kitanda. Marehemu akamwahi: "Siku zote unasema nami umesimama. Leo umekaa. Sema tu, mwanangu, usiogope." Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Agosti 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake mpishi, na wanafunzi ambao hawamhukumu mtu kabla ya kumsoma vizuri.

Hakuna aliyemnyang'anya darasa lake. Mungu amlaze pema. Amekwenda akiwa mshindi.