Mama Kidogo na Neno Alilolifukuza Wodini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti, punguzeni moto jikoni. Leo tunamkumbuka muuguzi. Muuguzi aliyewafundisha wauguzi. Familia yake imenipa sharti moja kabla sijaingia studio: nisitumie ovyo neno "kidogo". Nikiteleza, fundi mitambo wangu, huyu hapa nyuma ya kioo, ana ruhusa ya kunichoma pini. Anayo mkononi. Anatabasamu, na sipendi anavyotabasamu.

Marehemu aliitwa Mama Kidogo. Si kwa sababu ya umbo, maana milango mingine aliingia kwa ubavu. Aliitwa hivyo kwa sababu neno hilo alilipiga marufuku. Alifanya kazi wodi ya watoto wenye saratani, na huko sindano haziishi. Kila muuguzi, kabla ya kuchoma, alisema lile lile: "Itauma kidogo tu." Nani kati yetu hajaambiwa hivyo? Na nani aliumia kidogo?

Hata yeye alilisema. Alilisema mpaka siku mtoto mmoja wa kike, mwenye saratani ya damu, alipomng'ata muuguzi mmoja mkono, akakimbilia chooni, akajifungia. Mama mzazi alikuwa ameshafunga mizigo. "Basi," alisema. "Siwezi kumkandamiza mwanangu kitandani kila mkitaka kumchoma. Tunarudi nyumbani." Kurudi nyumbani bila dawa, kwa ugonjwa ule, kila mtu pale alijua maana yake.

Mama Kidogo akaketi sakafuni, nje ya mlango wa choo.

"Mwanangu, leo sikudanganyi. Itauma."

Sauti ikatoka ndani: "Kama nini?"

Hapo akakwama. Amechoma watoto maisha yake yote ya kazi, na mwenyewe hajawahi kuwekewa sindano ya dripu. Akamwita mwenzake, akanyoosha mkono. "Niwekee." Mwenzake akadhani ni utani. "Niwekee, nimesema." Akawekewa. Wasikilizaji wapendwa, alipiga ukelele uliowatoa wapishi jikoni. Mlango wa choo ukafunguka. Mtoto akachungulia, akamwona mtu mzima mwenye kilo zake anatokwa machozi.

"Kuna mtu alikushika mkono?" mtoto akauliza.

"Hapana."

"Ndiyo maana." Akatoka, akamshika. Mama yake akafungua mizigo.

Darasa la Alhamisi lilianzia pale, mlangoni mwa choo. Lilikuwa darasa la mafunzo kazini, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Wauguzi wenye vyeti vyao walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu, wakajifunza upya. Dawa mpya zilizoingia. Namna ya kuzishika bila kujidhuru. Na namna ya kumwambia mtoto ukweli. Sema itauma. Sema lini. Kisha shika mkono, usikimbie. Atakayesema "kidogo" anawekewa dripu ya maji ya chumvi na jirani yake. Nakariri ili tuelewane: anayesema, anachomwa.

Nyumbani nako hapakuwa na likizo. Mume wake, kinyozi mpole sana, ameniambia hivi: "Nikimwambia mke wangu nitachelewa kidogo, anauliza, kidogo ndiyo kiasi gani? Nikaona heri niwahi." Binti yao naye alikuwa na ndoto ya kuwa mwimbaji. Akamwimbia mama yake, akamwuliza kama sauti ina kasoro kidogo. Mama akasema, "Mwanangu, huna sauti. Njoo nikukumbatie." Leo binti huyo ni fundi umeme, na majirani wanashukuru mara mbili.

Sasa, hospitali haikulipenda darasa. Muuguzi mkuu, bwana mmoja mrefu mwenye tai, alitaka kulifunga. "Wodi haina watu," alilalamika. "Hawa wamesoma, wamefaulu. Wanakaa stoo kuchezeana sindano?" Mama Kidogo hakubishana naye. Alijua darasa likifungwa, lile neno litarudi wodini kesho yake, na watoto watarudi chooni. Akamwalika aje kuwaaga wanafunzi.

Bwana mkubwa akaja Alhamisi, akarekebisha tai. "Habari zenu. Nimepita kidogo tu..."

Chumba kizima kikasema, "Heee."

Akatazama huku na huku. Mama Kidogo akamsogezea kiti, kile cha bluu, kidogo kuliko vyote. Jamani, fundi mitambo, teremsha pini. Hapo naeleza kiti.

Akaketi. Akakunja shati kwa ujasiri wote. Kijana wa chini yake kabisa kazini ndiye aliyeshika sindano, akasema alivyofundishwa: "Mkuu, itauma. Nitakuambia kabla sijaingiza." Mkuu akageuza uso ukutani. Akanyoosha mkono wa pili hewani, anatafuta. Mama Kidogo akaushika. Alipoinuka, kiti kikainuka naye, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka mwenyewe. Darasa halikufungwa. Lipo mpaka leo, na mkuu huhudhuria, ila huja na kiti chake.

Mwaka huu moyo wa Mama Kidogo ulichoka, akalazwa. Daktari mgeni akamkaribia na sindano: "Mama, tutakuchoma kidogo." Mume wake anasema alifunika uso. Mgonjwa, pumzi hana, akainua kidole: "Mleteeni kiti."

Siku za mwisho binti yake alimwuliza, "Mama, unaumwa?"

"Sana."

Binti ameniambia: "Siku hiyo moja nilitaka anidanganye. Nilitaka aseme kidogo. Akanyoosha mkono, nikaushika. Sikukimbia."

Na yule mtoto wa chooni? Alipona. Ni mama sasa, ana wanawe. Ametupigia simu asubuhi hii: "Aliniambia itauma, ikauma. Ndiyo maana aliponiambia nitapona, nilimwamini."

Kwa mume, kwa binti, kwa wauguzi wa Alhamisi: poleni sana. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mtoto wako akikuuliza kesho kama itauma, mfikirie mama huyu kabla hujajibu. Kisha toa mkono.

Kwa kawaida hapa huwaomba tukae kimya kidogo. Fundi mitambo ananitazama. Pini ameiweka mezani, anafuta macho.

Inauma, wasikilizaji. Tushikane mikono, tukae kimya.