Tarehe Aliyoiruka Bwana Tarehe

Ndugu waombolezaji, jamaa na marafiki, familia imenituma mimi, mdogo wa mjane, niwasomee maisha ya shemeji yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, na ambaye mitaani mlimwita Bwana Tarehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Mei 1952, mtoto wa tatu wa mwashi na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kisha sekondari hadi 1970, ambako, kwa maelezo ya kaka yake aliyeketi hapa mbele, hesabu zilimpiga chenga kila muhula, lakini tarehe za vita na mikataba alizishika zote kichwani.

Mwaka 1973 aliajiriwa redioni, akapangiwa maktaba ya kanda, chumba kisicho na dirisha chenye rafu hadi darini, na mwaka 1978 akakabidhiwa kipindi cha Jumapili jioni, Wiki Hii Zamani, alichokisoma moja kwa moja hewani, kwa kuwa alishikilia kwamba habari ya kale ikirekodiwa inachacha. Alistaafu mwaka 2012, lakini kipindi hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Alifunga ndoa na dada yangu, fundi cherehani, tarehe 5 Desemba 1981, na mtu huyu aliyejua siku Mfereji wa Panama ulipofunguliwa hakukumbuka hata mara moja siku aliyooa, hivyo kila Desemba dada alipiga simu studio kama msikilizaji wa kawaida, akamwuliza hewani, naye akababaika huku watu wote wanamsikia.

Walijaliwa watoto watatu. Wa kwanza alikuwa binti, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1985, ambaye kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupumziki tulimwita Chiriku. Jumapili ya tarehe 13 Agosti 1989, jioni, homa ilimpanda Chiriku, dada akamkimbiza hospitali na kutuma ujumbe studio, fundi mitambo akamwonyesha marehemu karatasi kupitia kwenye kioo, naye, akidhani ni homa kama homa nyingine, akaashiria kwa mkono kwamba atakwenda akimaliza kusoma. Alipofika wodini mtoto alikuwa hajitambui tena, na alfajiri ya Jumatatu tarehe 14 akafariki.

Dada hakumlaumu, lakini pia hakumwambia lolote, na nyumba ile ikazoea kulikwepa jina la Chiriku. Hapo ndipo lilipoanzia kosa ambalo wasikilizaji walimsuta kwalo miaka yote, kwani kila ilipofika wiki hiyo ya Agosti, Bwana Tarehe alisoma habari za ukuta wa Berlin, tarehe 13, kisha akaruka hadi tarehe 15, kwenye uhuru wa India na ule mfereji wake wa Panama, na watu wakapiga simu kuuliza Pakistan, iliyopata uhuru tarehe 14, imemkosea nini. Alijibu kwamba uzee unamnyemelea, na wakati huo hata miaka arobaini hajafikisha. Watoto waliofuata, wa kiume mwaka 1991 na wa kike mwaka 1994, mnawaona hapa, nao walikua bila kujua kwa nini baba yao anaikwepa siku moja.

Mwezi Juni mwaka huu wa 2023 sauti yake ilianza kukwaruza, na vipimo vikaonyesha uvimbe mbaya kooni. Daktari alimweleza wazi kwamba apasuliwe mapema, kwamba sauti itakwenda lakini uhai unaweza kubaki, naye akaomba asubiriwe hadi katikati ya Agosti, huku sisi nyumbani akituambia kwamba foleni ya upasuaji ni ndefu, nasi tukamwamini.

Jumapili ya tarehe 13 Agosti alisoma habari za ukuta wa Berlin kwa sauti iliyobaki mkwaruzo, akanyamaza, fundi mitambo akadhani koo limekataa, kisha akasema kwamba tarehe 14 Pakistan ilipata uhuru, na kwamba tarehe hiyo hiyo, mwaka 1989, alifariki mtoto wa miaka minne aliyeitwa Chiriku, aliyekuwa akimwulizia baba yake, na baba yake alikuwa papa hapa, mbele ya kipaza sauti, akisoma habari za watu wengine. Dada alikuwa kwenye cherehani, akazima redio, akalia mpaka mumewe aliporudi, wakaketi jikoni wakimzungumzia mtoto wao.

Alipasuliwa tarehe 21 Agosti, lakini ugonjwa ulikuwa umeshasambaa, na alifariki alfajiri ya Jumamosi tarehe 4 Novemba 2023, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliolala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake wa redio, hasa fundi mitambo, ambaye siku ile hakukata matangazo.

Dada hawezi kusimama, ila ameagiza marehemu aambiwe haya mbele yenu: kwamba alimsamehe mwaka ule ule, akadhani mwenyewe anajua, na lau angejua kwamba foleni ile haikuwapo, angempeleka hospitali kwa mikono yake, sauti iende, abaki yeye. Pumzika kwa amani, shemeji, hukuwa unadaiwa.