Fundi wa Sauti Aliyeizima Jehanamu ya Redioni

Baada ya miaka thelathini na miwili katika studio ya pili, fundi wetu wa sauti, ambaye jengo zima linamwita Vishindo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa upole. Nimemwambia nitajaribu, ila kazi ya Vishindo haielezeki bila kumtaja Kiberiti, na kwa Kiberiti sina upole wowote.

Vishindo aliingia hapa kijana mwembamba ndani ya suti ya kuazima, akitaka kusoma taarifa ya habari. Alikuwa na sauti nzito, nzuri, lakini kila taa nyekundu ya kuingia hewani ikiwaka anashikwa na kigugumizi. Wakampeleka nyuma ya kioo, kwa mafundi, na huko ndiko alikozaliwa upya. Ninyi mliosikiliza michezo yetu ya redio mlisikia mvua ya masika. Sisi tulimwona mtu mzima kapiga magoti sakafuni akitikisa mchele kwenye sinia. Aliwahi kumvunja mguu mhusika mmoja kwa karoti, kisha akaila karoti yenyewe kabla mchezo haujaisha.

Ndipo akaja Kiberiti, mhubiri wa kipindi cha Jumapili alasiri. Jina hilo tulimpa sisi. Ukristo una mengi ya kusema kuhusu mtu akishakufa, na Wakristo wenyewe hawajakubaliana hadi leo. Wako wanaoamini moto wa milele, wako wanaosema waovu watateketea wakaisha, wako wanaosema wafu wamelala wakingoja ufufuo, wengine wanawaombea walioko toharani. Kiberiti hakuwa na habari na hayo. Katika Injili nzima, pamoja na harusi zake, watoto wake na kondoo wake aliyepotea, yeye aliona tanuri tu. Aliieleza Jehanamu, joto lake na harufu yake, kwa uhakika wa dalali anayekutembeza kwenye nyumba ya kupanga. Wapangaji aliwachagua mwenyewe: walevi, wasiobatizwa, wanaosinzia ibadani na, wiki moja alipoamka vibaya, wasikilizaji wa stesheni ya jirani.

"Nataka waisikie mpaka wanuse moshi," alimwagiza Vishindo.

Kazi ni kazi. Moto ukawa karatasi ya biskuti inayokunjwa mbele ya kipaza sauti. Kusaga meno kukawa kokoto ndani ya soksi. Vilio vya waliolaaniwa alivitoa Vishindo mwenyewe, mdomo ndani ya ndoo, kwa kuwa sisi wengine tulikataa. Kipindi kikavuma. Meneja akawa anatembea korido nzima akitabasamu peke yake.

Siku moja dada yake Vishindo akampigia simu kazini. Mama yao, mjane, hali wala hanywi. Ukimpelekea chakula anasukuma sahani. Jumapili anajifungia chumbani na redio, na akitoka macho yamevimba. Vishindo aliomba ruhusa siku hiyohiyo, nami nikamsindikiza kwa kuwa gari lilikuwa langu.

Tulimkuta mama kakaa kitandani, redio ndogo kaiweka juu ya mto, midomo imemkauka. Alimtazama mwanawe kama anayepima iwapo atastahimili atakachoambiwa.

"Baba yako yuko motoni," akasema. "Kila Jumapili namsikia. Ananililia."

Baba yao alikuwa fundi cherehani. Kila akiulizwa kuhusu ubatizo, alijibu kwamba ataenda akimaliza oda zilizobaki, na oda hazikuisha, akaisha yeye. Mama alikuwa anaisikia sauti ya mumewe kwenye kipindi cha Kiberiti, tena hakuwa amekosea sana. Sauti ya Vishindo ni ya baba yake mtupu, nzito ileile, na mkwaruzo uleule mwishoni.

Niliona uso wa rafiki yangu ukibadilika. Alitoka, akarudi na ndoo ya bafuni, akapiga magoti kando ya kitanda, akaingiza mdomo ndani, akalia. Jikoni dada yake aliangusha sufuria.

Mama alikodoa macho. "Rudia."

Akarudia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Siku zote ni mimi."

"Na ule moto?"

Akatoa mfukoni karatasi ya biskuti, akaikunja karibu na sikio la mama.

Mimi nilidhani atacheka. Alimzaba mwanawe kofi, zito kuliko nilivyotegemea kwa mtu asiyekula. Kisha akamvuta kichwa, akakilaza mapajani pake, akalia kwa kwikwi.

"Nilikuwa nikishika kikombe naona aibu," akasema. "Mimi ninywe maji, na mwenzangu kiu inamuua kule?"

Vishindo hakuinua kichwa. Mama akauliza, "Kwa hiyo hayuko kule?"

"Kule ni studio ya pili, mama. Ukipita choo, mkono wa kulia."

"Basi yuko wapi?"

"Sijui."

Akalifikiria hilo. "Afadhali sijui yako," akasema, akamwita binti yake amletee maji.

Jumatatu Vishindo alifuta vilio vyote alivyokuwa amerekodi, hakubakiza hata kimoja. Kiberiti alipoambiwa, aliwaka.

"Unajua ni roho ngapi zimeokoka kwa sauti zile?"

"Sijui. Najua mama yangu nusura afe."

"Labda mama yako alihitaji kuogopa."

Vishindo akamfungulia mlango wa studio. "Tengeneza mwenyewe," akamwambia.

Akatengeneza kweli. Jumapili iliyofuata, hewani, Kiberiti alikunja karatasi kwa mkono mmoja na kushika Biblia kwa mwingine, na wasikilizaji wakapiga simu kuuliza kwa nini mhubiri anakula biskuti katikati ya mahubiri. Bila vilio vya Vishindo, ile Jehanamu ya kutisha ilibaki kuwa mtu mmoja mwenye hasira akiwafokea watu ambao hawajamkosea. Haikupita muda akahamia stesheni nyingine. Nasikia bado anachoma watu huko.

Msidhani Vishindo aliachiwa bure. Meneja alimpa onyo kali, na ukuu wa kitengo ukampita mara mbili, ukaenda kwa watu aliowafundisha yeye kazi. Hakulalamika hadharani, ingawa nakumbuka mara ya pili alipiga teke pipa la taka mpaka likapinda.

Mama yake aliishi miaka kadhaa baadaye, akala, akanenepa, akarudi kugombana na majirani. Alipofariki, mchungaji wa kanisa lake, mtu mtulivu, aliulizwa na jamaa mmoja mjuaji kama wanandoa hao wataonana, ikiwa mume hakubatizwa. "Mimi nimefundishwa kutumaini ufufuo," akajibu. "Kanisa halijawahi kunitajia hata mtu mmoja aliyeko motoni." Akageuka kuendelea na ibada. Mama akazikwa ubavuni mwa fundi cherehani wake.

Ndugu yetu Vishindo, asante kwa mvua zote, kwa milango yote uliyoifunga kwa kishindo, na kwa mafundi uliotuachia. Kuhusu maisha ya baada ya haya hatukutakii lolote, maana hapa ofisini hakuna aliyekwenda akarudi, na aliyejifanya anajua tumeshamwona. Haya uliyobakiwa nayo yawe mema: magoti yasiume, shemeji akuvumilie ukishinda nyumbani, na Jumapili alasiri ulale usingizi mzito.