Meza ya Kukatia na Kabati

Feni ya kompyuta ilivuma kama nyigu aliyenaswa chupani, abiria wakageuka kabla ya kuiona mapajani pa mshonaji. Treni ilikuwa imepita vituo viwili, na kompyuta ilikuwa bado haijamaliza kuwaka.

"Mama, umeitwisha mzigo wa punda," alisema fundi wa kompyuta aliyeketi mbele yake. "Mfumo huo mpya wa kuiendesha unataka memori ya giga nane, yako ina mbili. Iwekee ule mwepesi wa bure."

"Marehemu mume wangu alisema huo ni wa mafukara."

"Basi marehemu angetuachia giga nane."

Mshonaji alicheka kidogo. "Mwaka mzima naipunguzia uzito, mwanangu. Kila ikikwama, nafuta ujumbe mmoja wa sauti alionitumia marehemu akiwa safarini. Zilikuwa arobaini. Imebaki moja."

Utani ukamwisha fundi. "Mama, memori ni meza yako ya kukatia. Sauti zilikuwa kabatini, yaani kwenye diski. Ukitupa vitambaa vya kabatini, meza haipanuki."

Mshonaji alitamani hata ile aliyoifuta kwanza, ambamo mumewe alikohoa tu, akasahau alichotaka kusema.

"Zitarudi?"

"Labda chache. Nikikuahidi zote, nitakuwa mwongo. Ila ule mfumo mwepesi..."

"Wa mafukara," alisema, bila nguvu ya kubishana.

Treni ikafunga breki. Mshonaji akaikumbatia kompyuta kama mtoto mwenye homa, akasema mbele za watu, "Mume wangu, hii moja siifuti, hata ikichukua kutwa nzima kuwaka."